Sakoma ya Kaposi na Kinga ya Mwili Inapozeeka

Mzee yule alikuwa amekaa na mguu uliovimba kwa miaka mitatu kabla ya kufikishwa kliniki kwetu. Kwa maelezo yake, ulianza na baka moja la rangi ya zambarau iliyokoza juu ya kifundo, lisilouma wala kuwasha, naye akalichukulia kuwa alama ya kujigonga kwenye ubavu wa ngalawa, kwa maana alikuwa mvuvi. Mabaka yakaongezeka, yakageuka vinundu vigumu, kisha mguu ukajaa hadi gotini. Majirani walisema ni matende, na kwa mkazi wa Pwani wazo hilo si la ajabu. Kituo kimoja cha afya kilimpa vidonge vya matende. Kingine kilimwambia kuwa ni uzee tu, damu haizunguki tena kama ya kijana. Hatimaye muuza duka la dawa akampa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, naye akaimeza kwa miezi kadhaa, maana mwanzoni ilimpa nafuu ya viungo na hamu ya kula. Alipoletwa na binti yake akiwa na umri wa miaka 74, vinundu vilikuwa vimefunika mguu mzima, na viwili vilikuwa vimeanza kutoa damu.

Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, mguu huu umechoka kama mwenyewe. Usijisumbue sana."

Jina la ugonjwa nililijua kabla hajamaliza kukunja suruali. Ilikuwa sakoma ya Kaposi, saratani inayotokana na seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na ya limfu. Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Niliagiza kipimo cha VVU, majibu yakawa hasi. Sikuridhika. Mimi ni wa kizazi cha madaktari waliosomea kazi hii wakati ambapo takriban kila mgonjwa wa Kaposi aliyeingia wodini alikuwa na UKIMWI, na mazoea hayo yalinishinda. Nikamwambia binti kwamba tutarudia kipimo, kwa kuwa ugonjwa huu kwa kawaida huandamana na VVU. Kipimo cha pili kikawa hasi, na cha tatu pia. Lakini maneno yangu yalikwisha kufika nyumbani kabla ya majibu. Ziara iliyofuata mzee alikuja peke yake. Mkewe, waliyeishi pamoja miaka zaidi ya 40, alikuwa amehamia kwa kaka yake.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili mzee huyu asitambulike, ila hilo la mkewe sikulibadilisha. Laiti ningalikumbuka historia ya ugonjwa wenyewe, nisingalitamka nililolitamka.

Sakoma ya Kaposi ni ya kale kuliko UKIMWI. Mwaka 1872, daktari wa ngozi wa Vienna aitwaye Moritz Kaposi alichapisha maelezo ya wanaume watano waliokuwa na vinundu vya zambarau miguuni na mikononi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kohn. Hilo la Kaposi alilitwaa kutokana na Kaposvár, mji wa Hungaria alikozaliwa. Katika miongo iliyofuata ikadhihirika kwamba ugonjwa huu huko Ulaya huwapata zaidi wanaume wazee, hasa wenye asili ya nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania na ya Ulaya ya Mashariki. Kwa wengi wao uliendelea polepole, mwaka hadi mwaka.

Huku kwetu nao ulikuwapo. Kufikia miaka ya 1950 madaktari wa Uganda, Kongo na Tanganyika walikuwa wakiuona mara kwa mara, na mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuujadili peke yake. Aina hii ya Afrika, tunayoiita ya asili ya eneo, iliwapata wanaume wa makamo na wazee, na mara nyingine watoto, ambao kwao iliingia kwenye matezi na kuua upesi. Hakuna aliyeijua sababu yake. Wapo waliodhani ni udongo wa volkano unaopenya nyayoni, wengine wakashuku wadudu.

Fununu ya kwanza ya jawabu ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Upandikizaji wa figo ulipoanza kuenea duniani, wagonjwa walilazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Baadhi yao, wakiwamo vijana, wakaanza kuota vinundu vya Kaposi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba dawa hizo zilipopunguzwa au kusitishwa, vinundu kwa wagonjwa wengi vilinywea. Mwaka 2005 madaktari wa Italia waliripoti wagonjwa 15 wa namna hiyo waliobadilishiwa dawa ya kulinda figo, wakapewa iitwayo sirolimasi badala ya siklosporini. Ndani ya miezi mitatu vinundu vya ngozi vilitoweka kwa wote, na figo zao zikaendelea kufanya kazi. Hatukuzoea kuona saratani ikirudi nyuma pasipo kukatwa kwa kisu, kuchomwa kwa mionzi wala kupewa tibakemikali. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, habari hizi si za ughaibuni tena. Daktari wa Tanzania anayemfuatilia mgonjwa wa namna hiyo hana budi kuikagua ngozi yake kwa makini.

Kisha ukaja UKIMWI. Julai 1981 taasisi ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa ilitangaza wanaume 26 wa New York na California waliokuwa na Kaposi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amezidi miaka 51. Ugonjwa wa wazee ulikuwa umewashukia vijana, na kwa ukali ambao daktari wa Vienna hakuwahi kuuona. Afrika Mashariki iliumia zaidi, kwa kuwa hapa mbegu ya ugonjwa ilikwisha kutapakaa. Mbegu hiyo ilikuja kujulikana mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua ndani ya vinundu vinasaba vya kirusi kipya cha jamii ya hepesi, cha nane kutambuliwa kwa binadamu. Kwa kifupi huitwa HHV-8.

Kirusi hiki huenezwa zaidi kwa mate, na katika maeneo yetu watu wengi hukipata utotoni, ndani ya familia. Wengi wa wanaokibeba hawatapata saratani maisha yao yote. Hulala ndani ya seli kama moto uliofunikwa na majivu, na kinachouzuia usiwake ni kinga ya mwili, hasa kundi la seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Mwenye figo ya kupandikizwa, seli hizo zimefungwa mikono na dawa. Mwenye VVU asiyetibiwa, zimeuawa na kirusi. Mzee wangu wa Pwani hakuwa na figo ya mtu wala VVU. Je, yeye askari wake walikwenda wapi?

Ili kulijibu hilo yatupasa tuitazame tezi ambayo watu wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, ipo tezi iitwayo thaimasi. Hadi katikati ya karne ya 20 madaktari wengi waliiona kuwa masalia tu, kitu kisicho na kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa walikua bila kinga ya kutosha, wakaangamizwa na maambukizi ambayo wenzao waliyashinda. Leo twajua kwamba thaimasi ndiyo chuo cha mafunzo cha seli T. Vijana huzaliwa katika uboho wa mifupa, huletwa hapo kufunzwa kumtambua adui na kutomshambulia mwenyeji, na wanaofeli huuawa hapohapo. Wanaofeli ni wengi kuliko wanaofuzu. Nadhani hakuna chuo kikali kuliko hicho.

Ajabu ni kwamba chuo hiki huanza kufungwa mapema mno. Thaimasi huanza kunywea tangu utotoni, na baada ya balehe nafasi yake huchukuliwa taratibu na mafuta. Watafiti waliopiga hesabu huko Uskoti walichapisha mwaka 2018 maelezo kwamba uzalishaji wa seli T mpya hupungua kwa nusu takriban kila miaka 16, na kwamba ongezeko la saratani nyingi kadiri umri unavyosonga linaweza kuelezwa vizuri kwa upungufu huo. Walibainisha pia kwamba kupungua huko ni kwa kasi zaidi kwa wanaume, na twajua kwamba sakoma ya Kaposi ya wazee huwapata wanaume kuliko wanawake. Hesabu ni hesabu, haithibitishi chanzo. Lakini inakaa vema na tunayoyaona kliniki.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka Boston mwaka 2023. Katika upasuaji wa kifua, mara nyingine thaimasi ya mtu mzima huondolewa, ama kwa sababu ina ugonjwa, ama kwa sababu imemzuia mpasuaji kuufikia moyo. Kwa muda mrefu tuliamini kuwa mtu mzima hapotezi chochote. Watafiti walilinganisha watu zaidi ya 1,100 walioondolewa tezi hiyo na idadi kama hiyo ya waliopasuliwa kifua bila kuondolewa. Baada ya miaka mitano, asilimia 8.1 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 2.8 ya kundi la pili. Waliopata saratani walikuwa asilimia 7.4 dhidi ya 3.7. Kumbe hata tezi iliyobaki kipande kidogo katikati ya mafuta ilikuwa ikifanya kazi.

Mzee, basi, hakosi kinga. Anacho kikosi cha wakongwe wanaowakumbuka maadui wa zamani, na ndiyo sababu mtu aliyeugua surua utotoni haiugui tena akiwa na miaka 80. Anachopungukiwa ni makurutu. Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya wakongwe hao huwa wamefungwa katika lindo moja, la kumzuia sitomegalovirusi, kirusi kingine cha jamii ya hepesi ambacho wengi wetu tunaishi nacho tangu udogoni. Juu ya hayo kuna moto wa chini kwa chini, uvimbe mdogo wa mwili mzima usio na jeraha wala maambukizi ya kuonekana, ambao Claudio Franceschi wa Italia aliupa jina mwaka 2000 na ambao huzidi kuwaka umri unavyosonga. Msomaji aliyemwuguza mzazi mwenye mkanda wa jeshi ameyaona haya kwa macho yake: kirusi cha tetekuwanga ya utotoni, kilicholala miaka 60 ndani ya neva, kimeamka kwa sababu mlinzi amesinzia. Sakoma ya Kaposi ya uzeeni ni ndugu wa mkanda wa jeshi, ila huyu haondoki baada ya wiki chache.

Hapa sina budi kumwonya msomaji asinielewe vibaya. Saratani nyingi hazina uhusiano wa moja kwa moja namna hii na kinga. Saratani ya mapafu hutokana kwa sehemu kubwa na moshi wa tumbaku, na kinga ya chuma isingemwokoa mvutaji. Seli zetu hujigawa kila siku, kila mgawanyiko una nafasi ya kosa katika kunakili vinasaba, na makosa yakirundikana kwa miongo kadhaa seli moja huasi. Nadharia hiyo ni ya kale, na ni sahihi. Dosari yake ni kwamba inamtazama mwasi peke yake, wala haimwulizi mlinzi alikuwa wapi. Kaposi ndiyo saratani iliyotufundisha kuuliza maswali yote mawili, kwa maana ndani yake twaona mlinzi akiondoka na ugonjwa ukija, mlinzi akirejea na ugonjwa ukiondoka. Kwa mwenye VVU, dawa za kufubaza virusi peke yake zaweza kuyeyusha vinundu vichache vya ngozi. Lakini kurejea kwa mlinzi nako kuna hatari zake: kwa baadhi ya wagonjwa vinundu huvimba na kuongezeka katika miezi ya mwanzo ya dawa, na mgonjwa asiyeelezwa mapema huzitupa dawa akidhani ndizo zinazomwua.

Sasa turudi kwenye deksamethasoni. Steroidi ni dawa njema mahali pake. Mimi mwenyewe huziandika kila wiki. Kazi yake, hata hivyo, ni kuituliza kinga, na kwa mtu mwenye HHV-8 hilo ni sawa na kumpa likizo mlinzi mmoja aliyebaki. Imeshuhudiwa mara nyingi kwamba steroidi huamsha au huchochea sakoma ya Kaposi. Katika nchi ambako vidonge hivi huuzwa bila cheti kwa ajili ya maumivu ya goti, pumu, hata kunenepesha, wazee ndio wanaovimeza kuliko wote, na ndio wanaoweza kuumizwa navyo kwa wepesi. Nikimwona mzee mwenye uso uliojaa kama mwezi na ngozi ya mikono iliyokonda kama karatasi, swali langu la kwanza ni vidonge gani anavyonunua mwenyewe.

Mzee wangu hatukumkatiza dawa ile kwa ghafla. Mwili uliozoea kuipata kutoka nje husahau kutengeneza ya kwake, na kukatisha siku moja kwaweza kuua. Tuliipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wakati huohuo tulichukua kipande cha kinundu kwa uchunguzi wa hadubini, na mwanapatholojia akathibitisha Kaposi.

Ndipo likazuka swali la tibakemikali, na binti akasema yale ambayo nimeyasikia kwa familia nyingi: baba ni mzee, hataziweza dawa kali, mwacheni apumzike. Sikumlaumu. Wenzangu wengi husema vivyo hivyo kwa lugha ya kitabibu. Hata tafiti kubwa za dawa za saratani kwa miaka mingi ziliwaacha nje wazee, kisha tukawatibu wazee kwa matokeo ya vijana, au tukaacha kuwatibu kwa kukosa matokeo. Mimi nina hakika kwamba tarakimu za umri, zikisimama peke yake, ni kipimo duni. Mzee huyu alipanda ngazi za kliniki bila kushikwa mkono, alijipikia, alikumbuka majina ya wajukuu wote 11, figo na moyo wake vilikuwa salama. Nimewahi kumwona mtu wa miaka 55 asiyekuwa na hata nusu ya akiba hiyo.

Tulimpa paklitakseli kwa dozi ndogo, kila baada ya wiki mbili. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa wenye VVU na Kaposi iliyosambaa, dawa hiyo ikiambatana na dawa za kufubaza virusi iliushinda mchanganyiko wa zamani wa bliomisini na vinkristini. Kwa asiye na VVU ushahidi ni mchache zaidi, lakini uvimbe ni uleule. Mguu tuliufunga bandeji ya kubana, akafundishwa kuuinua alalapo.

Ipo njia nyingine, ambayo siku hiyo sikuwa na uwezo wa kumpatia. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba seli T zina breki, na kwamba saratani huzikanyaga breki hizo ili isishambuliwe. Dawa zinazoziachia breki zimebadilisha matibabu ya saratani kadhaa. Mwaka 2022 madaktari wa Ufaransa waliripoti kuwatibu kwa mojawapo, pembrolizumabu, wagonjwa 17 wasio na VVU: baadhi wenye Kaposi ya wazee wa Mediterania, wengine wenye ile ya Afrika. Kwa 12 kati yao uvimbe ulinywea kwa kiasi kikubwa au kutoweka kabisa, na wengi wao walikuwa wazee. Nililisoma andiko hilo mara mbili. Linamaanisha kwamba askari wa mtu wa miaka 70 bado wapo na bado wanaweza kupigana, ilimradi waondolewe kizuizi. Bei ya dawa hiyo, kwa sasa, haimfikii mvuvi wa Pwani, na sioni faida ya kulisema hilo kwa maneno laini.

Baada ya mizunguko sita vinundu vilikuwa vimesinyaa na kubaki madoa ya kahawia, kutoka damu kulikoma, na mguu ukaingia tena kiatuni. Ganzi kidogo ya vidole vya miguu, ambayo ni athari ya paklitakseli, haijamwacha.

Jambo la mkewe niliona ni deni langu. Nilimwomba mzee ruhusa, akanipa, nami nikampigia mama yule simu mwenyewe. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba mumewe amepimwa mara tatu na hana VVU, kwamba ugonjwa wake umekuwapo katika nchi hizi tangu kabla mimi sijazaliwa, na kwamba aliyekosea ni daktari. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mguu bado unanuka. Nikamwambia haunuki tena. Akauliza tarehe ya kliniki. Siku hiyo alikuja naye, amebeba bandeji zilizofuliwa na kukunjwa ndani ya kikapu, akaketi upande wa mguu mbovu.